Je, Mungu Atupenda Sisi au Aupenda Utukufu Wake?

Wahenga walisema kwamba chema chajiuza na kibaya chajitembeza. Walikuwa wameona, sokoni na kijijini, kwamba mwenye bidhaa nzuri hana haja ya kupiga kelele, na kwamba mtu mwema hajisifu mwenyewe. Husifiwa na jirani zake, tena aghalabu akiwa hayupo. Wakasema pia kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, maana walijua jinsi sifa ziwezavyo kumharibu hata fundi hodari. Kwa misemo hiyo miwili watu wetu wamelea watoto wao tangu zamani. Mtoto apendaye kujisifu huonywa, na mzee atakaye kusifiwa kila siku hupoteza hata ile heshima ndogo aliyokuwa nayo.

Sasa mtoto huyo huyo, akiwa wa nyumba ya Kikristo, huenda kanisani siku ya Jumapili akasikia maneno mengine. Husikia kwamba Mungu ameumba vitu vyote kwa utukufu wake, kwamba mataifa yote yapaswa kumsifu, na kwamba hata wokovu wa mwenye dhambi ni kwa ajili ya jina lake Mungu. Zaburi zimejaa wito wa kumsifu. Mtoto mwenye akili atauliza, "Baba, kama kujitakia sifa ni vibaya kwetu, mbona kwa Mungu ni vizuri?" Na baba mwingine, kwa kukosa jibu, humwambia anyamaze kwa kuwa Mungu haulizwi maswali.

Walakini swali hilo si la watoto tu. Tumfikirie mama aliyemwuguza mwanawe kwa miezi mingi, akakesha na kuomba, na mwishowe akamzika. Watu huja matangani, na mmoja wao, kwa nia njema kabisa, humwambia kwamba yote ni kwa utukufu wa Mungu. Mama hunyamaza kwa adabu, lakini moyoni hujiuliza: Je, mwanangu alikuwa chombo cha kumletea mwingine sifa? Mungu huyo anipenda mimi, au alipenda jina lake? Swali kama hilo likikosa jibu laweza kumtoa mtu katika imani yake. Au laweza kumwacha kanisani mwili wake tu, hali moyo umekwisha ondoka.

Makala haya yanaeleza jinsi Wakristo wenyewe walivyolijibu swali hilo, na kwa nini jibu lao likitumiwa vibaya huwaumiza wale lililokusudiwa kuwafariji.

UTUKUFU NI NINI?

Kwanza yafaa tulitazame neno lenyewe. Kwa Kiswahili aliyetukuka ni yule aliye juu kwa heshima, na utukufu ndiyo hali yake. Waebrania, ambao kwa lugha yao iliandikwa sehemu kubwa ya Agano la Kale, walikuwa na neno kavodi, na asili ya neno hilo ni uzito. Nasi pia husema kwamba fulani ni mtu mzito, wala hatumaanishi kwamba amepimwa kwa mizani. Maandiko hayo yalipotafsiriwa kwa Kiyunani, kabla ya kuzaliwa kwa Yesu, watafsiri walichagua neno doksa. Hapo kwanza neno hilo lilikuwa na maana ya maoni, au jina alilo nalo mtu mbele ya wenzake.

Hivyo katika neno moja la utukufu zimekaa maana mbili. Ya kwanza ni uzito wenyewe, yaani vile Mungu alivyo. Ya pili ni sifa, yaani watu kuutambua uzito huo na kuutamka. Mtu akisikia ile ya pili peke yake atadhani kwamba Mungu ni kama mfalme apendaye kupigiwa makofi. Lakini jiwe haliongezeki uzito kwa kusifiwa, wala halipungui kwa kudharauliwa. Sifa za wanadamu hazimwongezei Mungu kitu. Kama ni hivyo, basi kutaka kwake asifiwe lazima kuwe na sababu nyingine isiyokuwa njaa ya sifa.

Kitabu cha Kutoka, katika sura ya 33 na ya 34, chaonyesha sababu hiyo kwa namna isiyotazamiwa. Musa aliomba aonyeshwe utukufu wa Mungu. Mtu angetazamia moto na ngurumo, kwa sababu mambo hayo yalikwisha kuonekana juu ya mlima Sinai. Lakini jibu alilopewa Musa ni kwamba wema wa Mungu ndio utakaopita mbele yake. Na jina la Mungu lilipotangazwa pale mlimani, lilitangazwa kuwa ni jina la mwenye huruma, asiye mwepesi wa hasira, mwenye kusamehe makosa, ingawa hayachukulii kuwa si kitu. Aliyeomba kuona utukufu alionyeshwa wema.

Tena tusisahau hayo yalitokea wakati gani. Waisraeli walikuwa wametoka tu kuiabudu ndama ya dhahabu. Vibao vya kwanza vya amri vilikuwa vimevunjwa. Kama utukufu wa Mungu ungekuwa ni ule wa mtawala anayelinda cheo chake, siku hiyo ingekuwa siku ya kuwafutilia mbali watu wale. Badala yake vibao vingine vilichongwa, na safari ikaendelea.

NYUMBA YA BETHANIA

Katika Agano Jipya, habari inayokutanisha upendo na utukufu kwa uchungu mkubwa ni ile ya sura ya 11 ya Injili ya Yohana. Ni habari ya nyumba moja, na ndiyo maana inaifaa kila familia.

Bethania kilikuwa kijiji kilichoko upande wa mashariki wa Mlima wa Mizeituni, mwendo wa kilometa tatu hivi kutoka Yerusalemu. Hata leo mji uliopo mahali hapo huitwa kwa Kiarabu Al-Eizariya, jina linalotokana na Lazaro. Hapo walikaa Martha, Mariamu na ndugu yao Lazaro. Lazaro aliugua, na dada zake wakatuma habari kwa Yesu, aliyekuwa ng'ambo ya mto Yordani. Ujumbe wao ulikuwa mfupi. Haukutaja hata ombi. Ulimkumbusha tu kwamba mgonjwa ni yule ampendaye.

Yesu alipopata habari alisema kwamba ugonjwa huo ni kwa ajili ya utukufu wa Mungu. Kisha mwandishi aleta jambo la kushangaza. Aeleza kwamba Yesu aliwapenda ndugu hao watatu, na papo hapo aendelea kusema kwamba, kwa hiyo, aliposikia habari za ugonjwa alikaa siku mbili zaidi pale alipokuwa. Sisi tungeandika kwamba alikaa ingawa aliwapenda. Yohana aliyaunganisha mambo hayo mawili kana kwamba la pili limezaliwa na la kwanza.

Yesu alipofika, Lazaro alikuwa amekaa kaburini siku nne. Martha alitoka kumlaki, na baadaye Mariamu, na kila mmoja kwa wakati wake alimwambia neno lile lile: kama angalikuwapo, ndugu yao asingalikufa. Neno hilo lina imani ndani yake, na lina lawama pia. Yesu hakumkemea hata mmoja wao. Na Martha alizungumza juu ya ufufuo. Kwa Mariamu hakutoa mafundisho yoyote. Alimwona analia, naye akalia. Waliosimama karibu wakagawanyika. Wengine waliyachukua machozi yale kuwa ushahidi wa upendo wake. Wengine wakauliza kwa nini aliyemfumbua macho kipofu asiweze kumzuia huyu asife. Maswali yetu yote ya matangani yalikwisha kuulizwa siku ile.

Baada ya hapo Lazaro aliitwa, akatoka kaburini akiwa bado amefungwa sanda.

Mtu mwenye kushuku aweza kusema: Kumbe aliwaacha watu walie siku nne ili apate kufanya mwujiza mkubwa zaidi! Shutuma hiyo ni nzito, na ingekuwa ya haki kabisa kama habari ingekwishia pale kaburini. Lakini sura haikwishi hapo. Habari za mwujiza ziliwafikia wakuu wa Yerusalemu, wakafanya baraza. Kayafa, aliyekuwa kuhani mkuu, akatoa shauri kwamba ni afadhali mtu mmoja afe kuliko taifa zima kuangamia. Tangu siku hiyo wakaazimia kumwua Yesu. Kwa maneno mengine, kumtoa Lazaro kaburini ndiko kulikomtia Yesu kaburini.

Hapo ndipo fumbo linapofumbuka. Katika Injili ya Yohana, kutukuzwa kwa Yesu hakuna maana ya kushangiliwa. Kuna maana ya kuinuliwa msalabani. Yuda alipotoka usiku ule kwenda kumsaliti, Yesu aliwaambia waliobaki kwamba sasa ndipo anapotukuzwa. Utukufu uliotajwa mbele ya ugonjwa wa Lazaro haukuwa sifa za watazamaji. Ulikuwa ni upendo ambao ulikuwa tayari kulipa. Mtu anayetafuta sifa hulipisha wengine gharama ya sifa zake. Huyu gharama aliilipa mwenyewe.

WALIVYOFUNDISHA WALIMU WA KANISA

Wakristo wa makanisa mbalimbali, ambao katika mambo mengi hawakupatana, katika hili wamekaribiana kuliko watu wanavyodhani. Ireneo, aliyekuwa askofu wa Lyon nchini Ufaransa mwishoni mwa karne ya pili, alifundisha kwamba Mungu hutukuka pale mwanadamu anapokuwa hai kweli kweli, na kwamba uhai huo wa mwanadamu ni kumwona Mungu. Kwake yeye kustawi kwa mtoto na heshima ya baba havikuwa na ugomvi.

Katika mwaka 1647 Wapresbiteri wa Uingereza na Scotland walipata katekisimo fupi ya Westminster yenye maswali 107. Swali la kwanza lauliza mwanadamu ameumbwa kwa kusudi gani, na jibu lake laweka pamoja mambo mawili: kumtukuza Mungu na kumfurahia. Walioiandika waliyaita mambo hayo kusudi moja, si makusudi mawili. Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano wa Kanisa Katoliki, katika tamko lake la mwaka 1870, ulieleza kwamba Mungu hakuumba ulimwengu ili ajiongezee heri. Aliuumba ili ukamilifu wake udhihirike kwa mema anayowapa viumbe vyake. Na Jonathan Edwards, mchungaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1758, aliacha kitabu juu ya kusudi la Mungu katika kuumba ulimwengu, kilichochapishwa mwaka 1765. Humo alitoa hoja kwamba Mungu kujitukuza na Mungu kuwajaza viumbe wake furaha ni tendo moja linalotazamwa kutoka pande mbili, kama chemchemi inayobubujika.

Hata hivyo ubishi haukwisha. Wako Wakristo wasemao kwamba utukufu ndio kusudi la kwanza, na upendo kwa waumini ni njia ya kulifikia. Wako wengine waogopao maneno hayo, kwa kuwa wanaona yanamfanya mwanadamu kuwa ngazi ya kupandia. Hofu hiyo si ya kudharauliwa. Lakini kama tulivyoona kwa Musa na kwa nyumba ya Bethania, utukufu wa Mungu katika Maandiko si mzigo unaowekwa juu ya upendo. Wema wake ndio uzito wake. Akiutangaza uzito huo ametangaza upendo. Na akiwapenda watu wake ameonyesha vile alivyo.

MWENYE KISIMA

Turudi sasa kwa wahenga. Je, Mungu anayewaita watu wamsifu anajitembeza?

Tuchukue mfano wa nchi yenye ukame, ambako kisima ni kimoja tu. Mwenye kisima akisimama njiani na kuwaita wapita njia waje kwake, hajitembezi. Akinyamaza kwa kujifanya mnyenyekevu, watu watakufa kwa kiu na unyenyekevu wake utakuwa ukatili. Kibaya ni mwenye ndoo tupu kuwaita watu waje wanywe. Ndiyo sababu mtoto huonywa asijisifu, kwa kuwa hakuna mwanadamu aliye chemchemi ya uhai wa mwenzake, na ajifanyaye hivyo anadanganya. Lakini ikiwa Mungu ndiye chimbuko la kila jema, kama Wakristo waaminivyo, basi kumwambia mwanadamu amtazame yeye ni ukarimu. Angemwelekeza kwingine angempotosha.

Kadhalika yule mgema. Sifa humharibu kwa kuwa aliishi kwa kuzitegemea. Zikizidi, husahau kazi. Asiyeongezewa kitu na sifa hana sababu ya kulitia tembo maji.

Mwandishi C. S. Lewis wa Uingereza alieleza katika kitabu chake juu ya Zaburi, kilichotoka mwaka 1958, kwamba hapo mwanzo alikwazwa na madai hayo ya kusifiwa kwa Mungu. Baadaye aliona kwamba watu husifu kila wanachokifurahia, na kwamba furaha haikamiliki mpaka isemwe. Jambo hilo tunalijua. Anayekula chakula kitamu humwambia mpishi. Mwenye kuona mtoto mzuri hamalizi siku bila kumtaja. Ukimzuia asiseme umeipunguza furaha yake. Kwa hiyo anayemwita mtu amsifu Mungu anamwita kwenye ukamilifu wa furaha yake mwenyewe.

Tena utukufu huo haukubaki kuwa wa mmoja. Katika sala iliyo katika sura ya 17 ya Injili ya Yohana, Yesu asema kwamba utukufu aliopewa na Baba amewapa wafuasi wake. Na Mtume Paulo, katika sura ya 8 ya Waraka kwa Warumi, ataja kutukuzwa kwa waumini kuwa hatua ya mwisho ya wokovu wao. Apendaye sifa huona wivu akiona zinagawanywa. Huyu azigawa.

Ushahidi wa fundisho hili umeonekana pia karibu nasi. Uamsho ulioanzia Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika, ulijulikana kwa wimbo wake wa sifa, Tukutendereza, ambao jina lake ni neno la Kiganda la kumsifu. Wimbo huo haumsifu Yesu kwa kiti cha enzi au kwa majeshi ya malaika. Wamsifu kwa ajili ya damu yake isafishayo. Wakulima, walimu na wauguzi waliouimba, wengi wao wakiwa wamekwisha kuungama makosa yao mbele ya wenzao, waliuona utukufu mahali pale pale walipopendwa.

JIBU LISIGEUZWE FIMBO

Basi fundisho ni zuri. Lakini dawa nzuri ikinyweshwa wakati usiofaa hudhuru.

Kuna wanaoitumia kauli ya utukufu wa Mungu kuwanyamazisha wafiwa. Hao wametamka neno la Yesu wakaacha tendo lake. Yeye aliyejua kwamba baada ya dakika chache Lazaro atakuwa hai, alilia kwanza. Itakuwaje sisi tusiojua hata la kesho tukimbilie kufundisha kabla ya kulia? Ajaye matangani na akae chini, alie na wanaolia, achote maji, apike uji. Maneno yana siku yake.

Kuna pia wanaojificha nyuma ya utukufu wa Mungu hali wanautafuta wao. Mwenye kutoa sadaka huku akitazama nani anamwona alikwisha kuonywa katika sura ya 6 ya Injili ya Mathayo. Hata mzazi aweza kuingia katika kundi hilo, anapomsomesha mtoto ili apate kusemwa vizuri mtaani, kisha mtoto akishindwa mtihani humwona kama aliyemwibia heshima. Mtoto huitambua upesi tofauti iliyopo baina ya kupendwa na kutumiwa. Kwa Wakristo kipimo cha upendo wenye utukufu ni yule aliyejifunga kitambaa usiku wa mwisho akawaosha miguu wanafunzi wake.

Wala tusiseme zaidi ya yaliyosemwa. Lazaro mwenyewe alikufa tena kama watu wote. Mama wengi wameomba kama Martha na Mariamu, na kaburi halikufunguka. Imani ya Kikristo haiwaahidi kwamba kila msiba utaelezwa sababu yake hapa duniani. Yawaambia jambo lingine: kwamba yeye awaombaye wamtumaini alilia, alikufa, na akafufuka, na kwamba wale walio wake nao watafufuliwa.

Siku chache kabla ya Pasaka, kwa mujibu wa sura ya 12 ya Injili hiyo hiyo, palifanywa karamu kule Bethania. Martha alikuwa akitumikia. Lazaro alikuwa mmoja wa walioketi chakulani, ingawa wakuu walikula njama ya kumwua naye. Mariamu akaleta ratli nzima ya marhamu ya nardo, yenye thamani kubwa, akampaka Yesu miguu, na nyumba yote ikajaa harufu. Hakuna aliyemwamuru kufanya hivyo. Yuda aliona ni upotevu wa fedha. Mariamu alikuwa mtu aliyepita katika siku nne za kilio, akamlaumu Yesu mbele ya watu, na akaona machozi yake.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, mtoto wako akija na lile swali lake asinyamazishwe. Keti naye umsimulie habari za nyumba ile, tangu siku ya ugonjwa mpaka siku ya karamu. Kisha umwulize yeye: Je, marhamu yale aliyaleta mtu aliyetumiwa, au aliyependwa?